Mchovya Asali Hachovyi Mara Moja



Wasomaji wetu wapenzi, mtu aingiaye Tabora mwezi wa Desemba, mvua zikisha kushika, hupokewa na miembe kabla hajapokewa na watu. Imesimama kando ya njia, uani mwa nyumba na karibu na misikiti, na mingine ni minene hata mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Usiku maembe huanguka juu ya mabati kwa kishindo, na asubuhi hufagiliwa pamoja na majani na kutupwa shimoni. Mchana wake, katika nyumba ile ile, mgeni akibisha hodi, mtoto hutumwa mbio dukani kununua soda. Sisi tumekuwa mgeni huyo, na tumekuwa mwenyeji huyo. Kwa hiyo hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema kwa kuwa israfu ikizoeleka huacha kuonekana.

Mwezi huu, basi, twapenda kuwaonyesha namna ya kutengeneza kitu kitamu, laini na kizito kama malai, ambacho huwekwa katika bakuli katikati ya sinia, na vipande vya matunda vikachovywa humo na kuliwa. Watu wa Ulaya na Marekani hukiandaa katika karamu zao, nao aghlabu hutumia jibini laini na sukari ya dukani. Sisi hatuna haja ya kuagiza kitu kutoka mbali. Tabora ina maziwa, ina matunda, na ina asali. Kazi yenyewe haihitaji jiko, na binti au kijana wa miaka kumi na miwili aweza kuifanya peke yake akisha kufundishwa mara moja.

Lakini kwa kuwa chakula hiki hakipikwi, kina sharti lake. Chakula kipitacho motoni husamehewa makosa mengi, kwa sababu moto huua vijidudu ambavyo mkono wa mpishi umeviacha. Chakula kisichopita motoni hakina wa kukitetea ila uaminifu wa mwenye kukiandaa. Hilo ndilo tunalotaka msomaji alishike, hata kama vipimo atavisahau.

Sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu, iitwayo An-Nahl, yaani Nyuki, ina aya nne zinazofuatana ambazo mpishi wetu angefaa kuzisoma kabla ya kufunga kibwebwe. Aya ya 66 yataja maziwa, jinsi yanavyotoka safi matumboni mwa wanyama, kati ya kinyesi na damu. Aya ya 67 yataja matunda ya mitende na mizabibu. Aya ya 68 na ya 69 zataja nyuki, na kinywaji cha rangi mbalimbali kitokacho matumboni mwao, ambacho ndani yake mna ponya kwa watu. Vitu vitatu vya bakuli letu vimepangwa hapo kwa zamu yake. Na aya hizo hazikututajia neema tu. Zimetuambia kwamba humo mna mazingatio kwa watu wenye akili na wenye kufikiri. Nasi tutaufuata mpango huo huo: kwanza maziwa, kisha matunda, kisha asali.

MAZIWA

Kugandisha maziwa si jambo geni katika nchi hii. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo mpaka Ujiji kwa kupita Mpwapwa na Unyanyembe, ilipita hapa Tabora. Ni njia yenye kumbukumbu chungu, maana pamoja na pembe za ndovu walipitishwa humo watu waliotiwa utumwani. Tena ni njia iliyojengwa kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi wakiwa mbele yao wote. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikaribishwa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekwisha kufanya maskani yao hapo.

Miaka kumi na mitano baadaye, katika mwaka 1872, David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akingoja wapagazi ambao Henry Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Katika shajara yake ya siku hizo aliandika kwamba alikuwa akitengeneza jibini za safari. Hakutia dawa yoyote ya kugandishia. Maziwa yaliachwa yagande yenyewe, nayo kwa joto la nchi hii yalishika katika muda wa nusu siku. Jibini ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na uchachu. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliondoka, wala hakurudi tena. Msomaji ataona kwamba tunalotaka kulifanya leo ni jamaa wa karibu wa kazi ile: maziwa kugandishwa, kisha maji yake kuondolewa.

Ila sisi twajua jambo ambalo watu wa mwaka 1872 hawakulijua. Maziwa yasiyochemshwa yaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vya ule ugonjwa uwafanyao ng'ombe kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa za kurudi-rudi na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Tena uchachu wa mtindi hautoshi kuviua. Watu wengi hudhani kwamba maziwa yakisha kuganda yamesafika. Hilo ni kosa.

Nasi tulilijua kosa hilo kwa gharama. Miaka michache iliyopita, katika karamu ya nyumbani kwetu, tulinunua mtindi, tukauchanganya na matunda, tukawapa watoto kwanza kwa kuwa watoto hawana subira. Usiku ule watoto wanne waliumwa na tumbo, na mmoja wao, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alitapika hata macho yakazama, tukakimbia naye hospitali. Alhamdulillah, alipona baada ya siku mbili. Hatukumlaumu aliyetuuzia, kwa kuwa hatukumwuliza kama maziwa yalichemshwa. Na bakuli tulilolitumia lilikuwa limekaa wazi tangu adhuhuri. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo hatuandai kitu hiki ila kwa namna ifuatayo.

Chukua lita 2 za maziwa. Yachemshe mpaka yafure, ukiyakoroga yasishike chini, kisha yaepue. Hapo msomaji atasema: mbona mlituambia hakipikwi? Nasi twajibu: huu ni utakaso wa maziwa, wala si upishi wa chakula chenyewe, hufanywa jana yake, na jiko likazimwa. Ukiwa na mtindi unaoujua kwamba umetokana na maziwa yaliyochemshwa, unaweza kuiruka hatua hii.

Yaache maziwa yapoe mpaka yawe vuguvugu, kiasi cha kidole safi kuvumilia humo bila kuungua. Tia vijiko vikubwa 4 vya mtindi mzuri, koroga taratibu, funika, uache usiku kucha bila kutikisa. Miezi ya mvua yataganda kwa saa 8. Miezi ya Juni na Julai, ambapo usiku wa Tabora huwa na baridi, zungushia chombo blanketi, na ungoje hata saa 12.

Asubuhi yake chukua kitambaa chepesi cha pamba, kilichochemshwa na kuanikwa juani. Mimina mtindi humo, funga pembe zake nne, ukining'inize juu ya bakuli kwa saa 4 mpaka 6, mahali penye kivuli pasipofika nzi. Maji yatachuruzika, na ndani ya kitambaa patabaki kitu kizito, cheupe, kinachosimama juu ya kijiko. Lita 2 hutoa yapata vikombe vitatu. Yale maji usiyamwage, maana yana chakula ndani yake: kandia unga wa chapati, au yatie katika uji wa watoto.

MATUNDA

Embe ndilo mfalme wa msimu. Embe dodo lina nyama nyingi na nyuzi chache, nalo lafaa kuliko yote. Maembe madogo ya kienyeji yana utamu mkubwa zaidi, lakini yana nyuzi; hayo yasonge na kuyapitisha katika chujio. Twahitaji kikombe kimoja tu cha embe lililosongwa kwa vikombe vitatu vya mtindi mzito. Mpishi akizidisha kwa tamaa ya utamu, bakuli litakuwa uji, na tunda likichovywa halitatoka na kitu.

Matunda ya kuchovya ni yale uliyo nayo: ndizi mbivu, papai, nanasi, vipande vya embe gumu kidogo, mapera yakiwa katika msimu wake, hata tende zilizotolewa kokwa. Yaoshe yakiwa mazima, kwa maji safi, kabla ya kuyakata; kwani kisu kikipita katika ganda chafu huingiza uchafu ndani ya tunda. Kisu na ubao uliokatia nyama visitumike mpaka vimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Ndizi zilizokatwa zinyunyizie maji ya ndimu zisigeuke nyeusi.

Jambo moja wengi hawalijui. Nanasi bichi na papai vina vimeng'enya, yaani chembe zinazovunja protini ya maziwa. Ukivisonga na kuvichanganya na mtindi, kisha ukauacha, utakuta baada ya muda umekuwa mwembamba na mchungu, nawe utadhani umeharibika. Kwa hiyo nanasi na papai vichovywe wakati wa kula tu, visichanganywe ndani.

ASALI

Misitu ya miyombo inayozunguka Tabora imeupatia mkoa huu sifa ya asali tangu zamani. Warina asali wa Kinyamwezi walitundika mizinga ya magome ya miti na ya magogo juu ya matawi, na hata sasa msafiri aweza kuiona akiwa njiani. Leo mji wa Tabora una chuo kinachofundisha ufugaji wa nyuki. Lakini misitu hiyo hiyo hukatwa kwa mkaa, na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Na mwenye kukata muyombo unaochanua amekata pia asali ya mwakani.

Katika kununua, msomaji asiamini kila jaribio analosikia sokoni. Asali kuganda na kuwa kama sukari si dalili ya udanganyifu, kwani asali halisi huganda pia. Weusi wake si kasoro, maana rangi hufuata maua. Jambo la hakika ni kumjua mwuzaji wako na kumwuliza. Na mwuzaji naye akumbuke habari ya yule mtu wa soko la Madina, ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake la nafaka akakuta chini kumelowa na juu ni kukavu, mwuzaji aliambiwa wazi kwamba mwenye kudanganya hayumo katika sisi. Ukiisha kuinunua asali, ichote kwa kijiko kikavu, maana ikiingia maji huchachuka.

KUCHANGANYA

Kwa watu wanane, basi, tayarisha vitu hivi:

Mtindi mzito uliochujwa, vikombe 3.
Embe lililosongwa, kikombe 1.
Asali, vijiko vikubwa 4.
Iliki iliyotwangwa, nusu ya kijiko cha chai.
Maji ya ndimu, kijiko 1 cha chai.
Chumvi, chembe chache tu.

Nawa mikono kwa sabuni. Pigapiga mtindi kwa mwiko mpaka ulainike, usibaki na mabonge. Tia asali, ukoroge. Tia embe kidogo kidogo. Kisha iliki, ndimu na chumvi. Onja kwa kijiko, na kijiko ulichoonjea usikirudishe. Funika, uache nusu saa ili harufu ya iliki ienee. Wanaopenda waweza kunyunyiza juu karanga zilizokaangwa na kutwangwa, baada ya kuuliza kama yupo mgeni asiyepatana na karanga, maana wako watu ambao karanga chache huwaziba pumzi.

Mwenye jokofu aweza kukiweka kwa siku mbili. Asiye nalo atengeneze kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo: aweke bakuli ndani ya sinia lenye maji ya baridi, alifunike kwa sahani, na juu ya sahani kitambaa kilicholowa. Kikisha kuandaliwa mbele ya watu kisikae zaidi ya saa 2. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo vyetu usiku, wala hakusema kwamba ni vya matajiri tu.

ADABU ZA BAKULI MOJA

Sasa chakula kiko mbele yetu, na hapa ndipo methali inapotukuta. Wazee walisema: mchovya asali hachovyi mara moja. Walisema kweli, lakini katika bakuli la watu wengi methali hiyo ina hatari. Mtu huchovya kipande cha ndizi, hukiuma nusu, kisha hukirudisha kile kilichotoka kinywani. Mwenye mafua huwagawia mafua wote walioketi, nao humshukuru kwa karamu.

Dawa yake tunayo tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alipomwona Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto wakati huo, mkono wake ukizunguka huku na huku katika sahani, alimfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kile kilicho karibu naye. Hakumfukuza mtoto, wala hakumwaibisha; alimfundisha, na mtoto akaendelea hivyo maisha yake yote. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mtu apewe kisahani na kijiko, achote sehemu yake kutoka upande wake, kisha achovye humo atakavyo. Hapo atachovya mara kumi, na methali haitamdhuru mtu.

ONYO KWA WENYE WATOTO WACHANGA

Tumelibakiza neno hili mwisho ili lisisahaulike. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata tone moja, wala asipewe chakula hiki chenye asali ndani yake. Asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtu mkubwa huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hukosa choo, hulia kwa sauti ndogo, hushindwa kunyonya, na mwisho hushindwa kupumua. Kuichemsha asali nyumbani hakuziui mbegu hizo. Dalili hizo zikionekana, mtoto apelekwe hospitali saa ile ile.

Twajua kwamba katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa, bibi huja na kijiko cha asali kwa nia njema ya kumfanyia tahniki. Bibi zetu twawaheshimu, na nia yao twaijua. Lakini tuwakumbushe kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) alipoletewa Abdullah bin Zubair akiwa mchanga, na vile vile mtoto wa Abu Musa, alitumia tende. Basi mwenye kuiacha asali mpaka mwaka wa pili hakuacha sunna hiyo, amemhifadhi mtoto. Na kwa habari ya tende nayo, awaulize wanavyuoni pamoja na daktari au mkunga wake juu ya namna iliyo salama. Aya ya 69 imesema ponya kwa watu, kisha ikatutaka tufikiri; na kujua ni nani wa kupewa dawa, na lini, ni sehemu ya kufikiri huko.

Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya jua. Katika mwaka 2030, kwa hesabu za falaki, itaingia mara mbili: mapema Januari, na tena mwishoni mwa Desemba. Futari za Tabora zitakuwa chini ya miembe iliyojaa. Vijana wetu walio na miaka kumi na miwili leo ndio watakaokuwa wakiandaa futari hizo. Wafundisheni sasa, maembe yangali yanaanguka: kuchemsha maziwa, kunawa mikono, kufunika bakuli, na kumwambia mgeni kwa furaha, Karibu, hiki ni cha uani kwetu.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.